Nani Senge wa Senge?

Kayole, Nairobi
12 Januari 2025

Vivian, mtoto wa ndugu yangu Wabwire,

Salamu zikufikie huko Kitui ukiwa mzima, umeshiba, na magoti hayajachubuka kwa sala. Sisi huku tupo. Tangu mlango wa novisiati, hiyo nyumba yenu ya malezi ya usista, ulipoifungia simu yako nje, nimenunua kalamu na bahasha pakiti nzima, mimi Khalayi ambaye tangu nitoke shule nilikuwa sijaandika neno refu kuliko jina la mteja chini ya soli ya kiatu. Ukiona makosa, soma kama vile hukuyaona.

Kijana wangu Patrobas anakusalimu. Bado yuko kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na sasa wamemwandika kabisa, si kibarua tena. Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Muulize Sista kama huko kuna ugali ama wanakula tu rozari." Nimemkemea kidogo. Biashara ya Kariokor inakwenda ikichechemea. Watu wanataka viatu vya plastiki, halafu vikikatika wanarudi kwangu kutafuta akala, maana tairi la lori halidanganyi mtu. Jirani yangu sokoni, Shamso wa mikoba ya ngozi, anasema tarehe kumi na tano Agosti lazima aje kwenye nadhiri zako. Nikamwambia ni kanisani. Akasema atakaa nyuma na hatagusa kitu.

Hapo kwenye tarehe ndipo roho yangu ilipo. Unajua kwetu Wabukusu mama hamwambii bintiye mambo ya mwili na ya chumbani. Hiyo ni kazi ya senge, dada ya baba. Nimewafunda wasichana wote wa ukoo huu. Wewe ukachagua kuolewa na Yesu, na maneno yote niliyokuwekea yamebaki tumboni mwangu. Sinung'uniki. Lakini uliniambia kwamba siku ya nadhiri kila mnovisi husindikizwa na mzazi mpaka mbele, na mzazi hukaa kando yake misa nzima. Baba yako na mama yako wametutangulia. Basi ni mimi, na nafasi hiyo simwachii mtu. Kitenge nimeshakiona dukani.

Jumapili iliyopita sikwenda kanisani, nilikuwa na kahoma. Ni mambo ya maji tu, yanakuja na kwenda. Usianze maswali.

Senge wako,
Khalayi


Novisiati, Kitui
9 Februari 2025

Senge wangu mpenzi,

Barua yako ilifika ikinuka gundi ya viatu, nikainusa kwanza kabla ya kuisoma. Wenzangu walinicheka mpaka tukaambiwa tunyamaze. Hapa tu wazima. Asubuhi ni sala, kisha bustani, kisha napelekwa zahanati ya masista kumsaidia Sista Norah. Yeye ni nesi, ana ulimi mkali na mikono ya upole, na wagonjwa wanampenda kwa vyote viwili. Mimi napima watoto uzito na kuosha vyombo. Mwambie Patrobas ugali upo, tena wa mtama, na ukimaliza unaongezwa upende usipende.

Sasa nisamehe, naanza maswali. Barua yako ya Novemba ilisema una kahoma. Kadi ya Krismasi, kahoma. Na hii pia. Nilipokuwa bado nakaa nawe Kayole nilikuwa nakuona unarudi chooni kabla hujakaa vizuri, na ukitoka umekunja uso. Nikikuuliza unasema ni pilipili. Senge, wewe huli pilipili.

Je, ukikojoa unachomwa? Mkojo unatoka kidogo na bado unahisi haujaisha? Mgongo unauma? Nijibu kama ambavyo ungetaka msichana wako akujibu wewe, bila kupitia kichochoroni.

Hujaniambia kitenge ni cha rangi gani.

Wako akupendaye,
Vivian


Kayole, Nairobi
30 Machi 2025

Vivian,

Usiseme nimekawia. Nilikuwa na kazi. Mwanzo pokea pole ya mtama, maana najua meno yako. Patrobas ameleta nyumbani msichana mmoja kunisalimia, mrefu, hacheki ovyo, ameosha vyombo bila kuambiwa. Sijasema kitu. Namtazama kwanza. Kitenge ni cha buluu na maua ya manjano, na kiko kwa fundi.

Halafu nikuulize, huko mnafundishwa kusali au kupeleleza? Haya, nimekubali. Huwa nachomwa. Lakini si mimi peke yangu, kwa hiyo usinifanye mgonjwa. Hii ni desturi ya soko. Choo chetu ni cha kulipia, kiko upande ule mwingine kupita wachuna ngozi, na foleni yake ni ya kumaliza rozari. Ukienda, nani atakulindia kibanda? Ukirudi mteja ameshanunua kwa jirani. Basi sisi wanawake wa safu yetu tunakunywa chai alfajiri, kisha tunafunga midomo mpaka soko lifungwe. Maji ni ya jioni. Ukibanwa, unabana nawe. Ndiyo maana mchomo unatutembelea kila mmoja kwa zamu.

Lakini tumejipanga, na hapa utanisifu. Mimi na Shamso tuna kopo la maziwa ya unga, tupu, tumelisafisha vizuri. Yeyote anayepewa vidonge vya mchomo dukani anakunywa mpaka apate nafuu, kisha vinavyobaki anavitia koponi. Mwenzake akishikwa anachukua viwili, au vinne kama ni mkali, moto ukipoa anaacha. Hakuna mwanamke wa safu yetu anayelia peke yake. Ni chama, ila badala ya pesa tunachanga afya. Kopo linakaa kwangu kwa sababu ninaaminika.

Kwa hiyo nina dawa, nina wenzangu, na nina Mungu. Endelea kupima watoto.

Senge wako,
Khalayi

*Vivian mtoto yangu, hii ni Shamso. Mama Patrobas amenipa barua nipeleke posta na mimi nimefungua, usikasirike, nitabandika tena na gundi yake mwenyewe. Ameandika maneno mingi na ameficha moja. Anakojoa damu. Si mara moja. Nimeona kwa macho yangu vile nilimpeleka choo akiwa anatetemeka. Anasema nikikuambia utatoka kwa masista uje kumuuguza, na hataki uache kitu ulichagua. Mimi nimekuambia. Fanya na akili. Wasalaam.*


Novisiati, Kitui
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Senge wangu,

Kristo amefufuka, na mimi nimekasirika. Nakutakia Pasaka njema na hasira ile ile. Msalimie msichana wa Patrobas, na msalimie sana Shamso. Ukimgombeza kwa alichoniandikia nitajua tu.

Nilimwendea Sista Norah nikamwambia, "Kuna mwanamke fulani wa mbali, ana umri wa karibu na sitini, anachomwa na kupona na kuchomwa tena." Akaendelea kukunja bandeji, akasema, "Keti, nikuambie la kumwambia shangazi yako." Sijui alijuaje. Basi nakuandikia kama nilivyoelewa.

Mchomo huo unaletwa na vimelea, wadudu wadogo wasioonekana, na mara nyingi wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, wanapanda kwa urahisi. Mkojo ndio unaowafagia, na wewe unafunga ufagio kutwa nzima. Tena hedhi ikishakoma, mwili kule chini hukauka na kuwa mwembamba, ule ulinzi wa ujanani unapungua, ndiyo maana wanawake wa umri wako hushikwa tena na tena hata wakiwa wasafi kama maji ya mtungi. Si uchafu. Si adhabu.

Kopo, Senge. Kopo lenu limenitoa machozi, kwa sababu najua lilivyojaa upendo. Lakini vidonge viwili vinaua wale vimelea dhaifu, wanabaki sugu, na sugu ndio wanaozaa. Mwezi ujao unawapa tena viwili, wanazidi kuzoea. Nyinyi kumi na wangapi sijui mnawafundisha kwa zamu. Siku moja utahitaji dawa hiyo kikweli na haitakuwa na la kufanya.

Nenda hospitali. Usiende duka la dawa. Waambie imerudi mara nyingi na kuna damu. Waombe waoteshe mkojo maabara, waone ni kimelea gani na dawa gani inamweza. Wapime sukari. Waangalie kama kuna mawe kwenye figo. Na damu isifanyiwe mzaha: hata ukipona, irudiwe kupimwa mpaka ijulikane imekwisha, na isipokwisha watafute sababu nyingine.

Nimefikiri jambo moja. Wewe ni senge wa kila msichana kwetu. Umewauliza wote maswali ya mwili, hakuna aliyekuuliza wewe. Senge wako alifariki hata sijazaliwa. Sasa nani senge wa senge? Kama nafasi hiyo iko wazi, nimeichukua. Na kama hutakwenda, nitavua hiki kitambaa cha kichwani nije mwenyewe. Sikutishi. Najijua.

Vivian


Kayole, Nairobi
18 Mei 2025

Vivian, senge mpya usiye na mvi hata moja,

Mvua imetupiga, Kayole ni matope mpaka magotini, lakini sisi wazima. Nimempenda yule msichana. Anaitwa Muhonja, ni Mmaragoli, na kabla sijafikiri nimeshaanza kumfunda.

Shamso nimemnunia siku nzima, kisha akaniletea sambusa, yakaisha. Nimekutii. Nilifunga kibanda nikaenda naye hospitali ya serikali. Nikawaambia yote kama ulivyotaka, isipokuwa machache. Sukari ni nzuri. Wakanipa kikopo, nikafundishwa kwamba mkojo wa kwanza uende zake, nikinge wa katikati. Nikarudi baada ya siku kadhaa kuchukua majibu, na karatasi ikasema hakuna kilichoota. Hakuna, Vivian. Shamba tupu. Daktari aliyekuwa zamu akasema basi mama nenda nyumbani, unywe maji.

Kwa hiyo mwambie Sista Norah na bandeji zake kwamba Khalayi ni mzima. Kwanza asubuhi ile nilikuwa vibaya, nilichomwa kiasi kwamba nilimeza viwili vya kopo ili niweze kufika bila kuaibika njiani, lakini kumbe ilikuwa woga tu.

Fundi amemaliza nguo. Ameibana kiunoni, nimemwambia aachie, siku hiyo nitakaa sana.

Senge wako,
Khalayi


Novisiati, Kitui
5 Juni 2025

Senge,

Mwangangi, dereva wetu, anaondoka sasa hivi kwenda mjini na ananingojea, kwa hiyo nakusalimu kwa mkato na nawasalimu wote.

Ulimeza viwili vya kopo kabla ya kutoa mkojo. Viwili hivyo viliwalewesha vimelea, hawakuota maabara, lakini hawakufa. Majibu yale si yako, ni ya vidonge. Rudi. Usimeze chochote cha kopo kabla. Ukipata homa ya kutetemeka au mgongo ukauma ubavuni, usingoje siku nyingine, maana itakuwa imepanda kwenye figo, na hilo linaua watu.

Na "machache" uliyowaficha ni yapi?

Nimemwandikia Mama Mkuu barua ya kuomba kuondoka. Bado sijampa. Iko chini ya mto wangu.

Vivian


Kayole, Nairobi
27 Julai 2025

Mtoto wangu Vivian,

Nakuandikia nikiwa kitandani kwangu mwenyewe, kwa hiyo anza na hilo na ushukuru. Patrobas mzima. Muhonja mzima, ndiye aliyenipikia uji mwezi huu wote. Shamso amekonda kwa sababu yangu, ingawa yeye anasema ni joto, mwezi wa saba huu wa baridi.

Barua yako ilinikuta nimekaidi. Nilisema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema hivyo hivyo. Kisha siku moja nikiwa kibandani nagonga misumari, baridi ikaniingia, meno yakagongana, ubavu wa kulia ukauma kama nimepigwa teke. Niliendelea kugonga. Shamso akaninyang'anya nyundo. Alifunga mikoba yake yote na wateja wakiwa wamesimama, akanifunika kwa shuka yake, akanipeleka. Njiani nilishika mfuko mahali kopo lilipo, nitoe viwili. Akalitoa akalikalia.

Sasa nikuambie machache niliyoyaficha. Umeyauliza, na nimechoka kuyabeba: mara ile sikuwatajia damu wala kopo, na sababu yake ni hii.

Mwaka juzi nilikwenda duka la dawa hapa mtaani nikamnong'onezea msichana wa pale shida yangu. Akanijibu kwa sauti ya kutangaza, "Mama, hii ni lazima bwana yako pia atibiwe." Nyuma yangu kulikuwa na mama wa jumuiya yetu ya kanisani. Unajua mume wangu yuko kaburini Bungoma, na unajua mimi ndiye mwenyekiti wa wajane parokiani. Mjane akisema anachomwa akikojoa, watu hawaulizi anaumwa wapi, wanauliza ni nani. Jumapili iliyofuata nilipoingia kikundini wakanyamaza. Hakuna aliyenitukana. Walinyamaza tu, na nikaapa mdomo huu hautasema tena. Ndiyo maana nilipenda kopo. Kopo haliulizi.

Basi hospitali. Nimelazwa kwenye benchi, wanawake wamejaa kila upande, pazia liko wazi. Kijana wa zamu, anaitwa Omolo, akasoma kadi, akauliza kama wanavyouliza, "Mama, mwenzako naye ana dalili?" Benchi lote likageuka. Nilihisi ile Jumapili imerudi. Nikataka kusema ni malaria. Ningesema malaria, Vivian, nakuapia, na wangenipa dawa ya malaria, nawe leo usingekuwa na mtu wa kumwandikia. Lakini nikakuona wewe, kile kitambaa kiko mkononi umekivua. Nikainuka kwa kiwiko nikasema, na sauti haikuwa ndogo: "Mimi ni mjane. Sina mwanamume. Nachomwa, nakojoa damu, na nimemeza dawa za wenzangu miaka. Andika hivyo hivyo." Kijana akaweka kalamu chini. Akaenda akafunga pazia, akarudi akasema, "Samahani, mama. Ningefunga kwanza."

Ilikuwa figo. Wakachukua mkojo kwanza, ndipo wakanianzia sindano, nikalazwa. Safari hii maabara iliota. Na kimelea chenyewe, wakanisomea dawa anazozishinda, mojamoja, na karibu zote zilizokuwa koponi nilizisikia hapo. Akabaki kuwezwa na chache. Hizo ndizo zilizoniokoa, na nimemeza mpaka cha mwisho, Shamso akihesabu na mimi kama mwalimu wa chekechea. Kwenye picha hakuna mawe. Damu imeisha, watarudia kupima mara nyingine wahakikishe. Wamenipa na krimu ya homoni ya kujipaka kule ndani, ya kurudishia mwili unyevu. Mimi, Vivian, kwa umri huu. Nilimwambia nesi, wewe mtoto, unajua unaongea na nani? Akasema, "Naongea na mgonjwa wangu." Nikapaka.

Niliporudi sokoni niliwaita wanawake wa safu nikawaambia mbele ya kopo. Hilo lilikuwa gumu kuliko sindano, kuwaambia kwamba wema wetu ulikuwa unatuua. Mmoja alinikasirikia, akasema nimepata dawa zangu sasa nawanyima zao. Kesho yake alikuja kibandani peke yake akaniuliza ile hospitali iko wapi. Kopo tulilipeleka kwa mfamasia wa hospitali achome vidonge. Sasa tunalindiana vibanda: mmoja akienda choo, wa pembeni anamuuzia. Na tunakunywa maji mchana, mchana kweupe. Wachuna ngozi wanatushangaa.

Barua iliyo chini ya mto wako ichome. Sikukulea uje kuwa yaya wangu. Ulipochagua njia hiyo nililia siku mbili kisha nikasema amina, na ile amina siirudishi.

Lakini kuhusu tarehe kumi na tano, usikasirike. Sitakuja. Nimepona, ndiyo, ila kibofu changu bado hakijakubali. Kikiniita kinaita mara moja, hakingoji. Misa yenu ni ndefu, kuna askofu, na mimi niketi mbele kabisa kando yako, kila mtu akitazama. Nikiinuka katikati nitakuharibia siku, na nisipoinuka itakuwa aibu ambayo sitaki hata kuiandika. Patrobas atakusindikiza. Amenunua suti. Mimi nitawasha mshumaa hapa nyumbani saa ile ile, na Mungu ataona ni kitu kimoja.

Nguo nimeikunja. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Senge wako,
Khalayi


Novisiati, Kitui
6 Agosti 2025

Senge wangu, mama yangu,

Mwangangi anakuja Nairobi kuchukua mishumaa ya sherehe, nimemwambia barua hii akupe mkononi na asiondoke mpaka uisome. Mpe chai. Hongera Patrobas kwa suti, avae, ila akae nyuma na Shamso.

Nilisoma yako nikiwa zahanati, na nililia mbele ya wagonjwa, Sista Norah akaniacha nilie. Kisha akaniomba nimsomee mahali pale pa pazia. Nikamsomea. Akasema nimwambie yule mama kwamba anamheshimu. Barua ya Mama Mkuu nimeichana, vipande vimekwenda jikoni.

Nakwambia ukweli, nilipofika mahali ulipoandika "sitakuja" niliumia kuliko nilipofika kwenye figo. Kwenye figo ulikuwa umeshapona. Hapa unaniacha.

Siyo Mungu peke yake anayeangalia siku hiyo. Na mimi nitaangalia. Nitageuka upande wa kushoto nikikutafuta.

Nikamwendea Mama Mkuu. Nilidhani nitaona haya, lakini kama wewe umesema mbele ya benchi zima, mimi ni nani. Nikamwambia: senge wangu anatibiwa kibofu na anaogopa misa ndefu. Unajua alinijibu nini? Akasema siku ya nadhiri zake yeye, miaka hiyo, alizitamka akiwa amebanwa vibaya, na mpaka leo hakumbuki neno hata moja aliloahidi. Sista Norah alicheka mpaka akakaa chini. Halafu wakaja masista wazee wawili kuniuliza pembeni ile krimu inaitwaje.

Kiti chako kimehamishwa. Kiko mwisho wa benchi, kando ya mlango wa sakristia. Choo kiko nyuma ya mlango huo, nimekiosha mwenyewe, na ufunguo atakuwa nao Sista Norah, ambaye ataketi nyuma yako. Chupa ya maji itakuwa chini ya benchi, na uinywe. Ukisikia kuinuka, inuka. Usiombe radhi, usiiname, usitembee kwa vidole.

Sisi tunaotamka tuko sita, nami ni wa mwisho. Kama zamu yangu ikifika na kiti chako kiko wazi, Senge, sitafungua mdomo. Nimeshamwambia Mama Mkuu, naye atamwambia askofu. Nitasimama pale mbele na mshumaa wangu, na kanisa zima litangoja pamoja nami, mpaka urudi ukae.

Wako,
Vivian